Daktari alisema sita, mashine nayo ikasema sita

 

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilianguka mbele za watu. Sikuwa nimelewa, wala hakuna aliyenisukuma. Nilianguka kutoka kwenye mashine ya kukimbilia, ile ambayo mtu huipanda, akakimbia mwendo wa kutoka kijiji hadi kijiji, kisha akashuka palepale alipopandia. Nilichubuka goti na kiwiko, miwani ikavunjika kioo kimoja, na moyo ukanidunda kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Kijana mmoja aliyekuwa akinyanyua vyuma alinikalisha chini, akanipepea kwa taulo lake, akaniuliza kwa upole, "Mzee, umezidisha nini?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba sikuzidisha kitu. Daktari aliniambia sita, nami niliweka sita.

Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo sita.

Mimi nina miaka arobaini na saba. Kazi ya redio ni kazi ya kukaa: unakaa mbele ya kipaza sauti, unakaa kwenye chumba cha habari, unakaa garini, na jioni unakaa tena kusikiliza wenzako walivyotangaza. Mwili nao una daftari lake. Siku nilipokwenda kupima nikaambiwa presha imepanda. Daktari akanipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi, jambo gumu kwa mtu aliyelelewa kwa dagaa wa Ziwa Nyasa, kisha akasema, "Utembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kama utatumia mashine, anza na sita. Usipandishe mpaka tuonane tena."

Nikatoa kitabu changu cha kazi nikaandika: "Mashine, 6, nusu saa." Yaangalie maneno hayo, msikilizaji. Mimi mwenye stashahada ya uandishi wa habari, ninayewasimamia vijana wa mafunzo na kuwakemea wanapoleta habari bila kuuliza nani, wapi na lini, sikuuliza sita nini.

Daktari alikuwa na maana ya kilometa sita kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu mzima anayetembea kwa haraka, kilometa moja kwa dakika kumi. Mashine niliyopanda ilikuwa ikihesabu maili. Maili moja ni kilometa 1.609, kwa hiyo maili sita kwa saa ni kilometa tisa na nusu na ushei. Kwa lugha nyepesi, daktari alinituma nitembee kama mtu anayewahi basi, na mashine ikanikimbiza kama mtu ambaye basi limekwisha kumwacha na mzigo wake umo ndani.

Jambo linalonisumbua hadi leo si kuanguka. Linalonisumbua ni kwamba nilivumilia dakika saba. Dakika ya pili nilikuwa nahema. Dakika ya nne sikuweza kumjibu mtu aliyenisalimu. Mwili ulinieleza kila kitu, lakini nilitazama ile namba nyekundu, nikajiambia, "Sita ni kutembea tu. Daktari amesema. Wewe umezeeka vibaya." Niliona aibu, nikaendelea. Mtu mwenye presha, aliyeanza dawa wiki mbili tu zilizopita, niliamini namba kuliko moyo wangu mwenyewe. Daktari aliponisikiliza baadaye hakucheka. Alinipima tena, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nilipopata nguvu za kurudi ukumbini nikaikagua mashine. Pembeni ya ile namba palikuwa na herufi tatu, M, P na H, ndogo kama punje za ulezi. Hizo ndizo zinazosema maili kwa saa kwa Kiingereza. Mashine ya jirani yake, ya kiwanda kingine, iliandikwa KM/H. Mashine mbili zimesimama bega kwa bega, moja imetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani ambako bado wanahesabu maili, nyingine kwa ajili ya dunia iliyobaki, na juu yake hakuna kibao wala tangazo. Mhudumu aliniambia, "Mashine haina kosa, mzee." Ni kweli, haikuwa na kosa. Ilisema sita na ikatoa sita.

Niseme kidogo juu ya asili ya mashine hizi, maana wanaozilipia kila mwezi huenda wakafurahi kujua. Mwaka 1818 mhandisi mmoja wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa la ngazi za kukanyaga, likawekwa magerezani. Wafungwa walipanda ngazi zisizokwisha saa nyingi kwa siku. Ilikuwa adhabu, na mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliiacha kwa kuiona ya kikatili. Leo tunaingia wenyewe kwa hiari, tena tunatoa kiingilio.

Turudi kwenye maili. Sisi Watanzania hatuwezi kusema maili ni mgeni. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro unapita Kibaha, Maili Moja. Dodoma kuna Maili Mbili. Ukitoka Moshi kwenda Arusha utaikuta Maili Sita. Mwingereza alipima barabara zake kwa maili, sisi tukahamia kilometa baada ya uhuru, majina yakabaki yamesimama kando ya njia kama wazee waliokataa kuhama. Kuhama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine si jambo la siku moja hata kwa wenye elimu na mitambo. Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu Kanada ilikuwa ndiyo kwanza inahamia kilo, na mafuta yaliyotakiwa kuwa kilo 22,300 yakahesabiwa kwa ratili. Ratili haifiki hata nusu ya kilo. Rubani aliiteremsha ndege kubwa ikiwa imezimika injini zote mbili, akaitua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, na abiria wote wakapona. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa sakafuni na goti langu, nilikuwa kwenye kundi la heshima.

Sasa nikupeleke nyumbani.

Mwezi wa Desemba nilikwenda kula Krismasi kwetu Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu nyingine inayofaa magerezani. Siku hizi lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kiasi cha kilometa 66 za kona na miteremko, unaacha baridi ya Wamatengo na migomba na kahawa yao, masikio yanaziba, kisha ghafla ziwa linafunguka chini yako. Kutoka Mbamba Bay unashika njia ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini kupitia Liuli. Wilaya nayo imebadilika. Nilipozaliwa tulikuwa Mbinga, tangu 2012 tunaitwa wilaya ya Nyasa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafundisha shule ya msingi moja ya huko ambayo sitaitaja. Ndiye anayewaandaa watoto kwa michezo ya UMITASHUMTA. Jioni ya pili aliniona nachechemea.

"Shikamoo mjomba. Goti limefanya nini?"

"Marahaba. Limekanyaga maili likadhani ni kilometa."

Nilimsimulia. Nilitegemea acheke, maana ni mcheshi. Hakucheka. Alinyamaza akachora mchangani kwa kijiti, kisha akaniuliza, "Mjomba, wewe uliposoma hapa, mlikuwa mnakimbia wapi?"

Nikamwambia, kutoka shuleni hadi darajani na kurudi. Kila mtoto wa kwetu ameikimbia njia hiyo.

"Na mlikuwa mnaiitaje?"

Nikafikiri. Sisi tuliiita kilometa mbili. Lakini marehemu baba, aliyesoma palepale kabla ya uhuru, aliiita maili mbili. Nilikuwa nimeyasikia majina yote mawili tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza njia moja inakuwaje na urefu wa aina mbili. Bila shaka mwalimu fulani, mwaka fulani, alipoambiwa kwamba sasa serikali inatumia kilometa, alifuta neno maili ubaoni akaandika kilometa. Ile mbili akaiacha.

Mpwa wangu akaeleza kilichomnyamazisha. Anaye mwanafunzi wa darasa la sita, binti wa mvuvi, mwembamba, asiyesema sana. Njia ile aliikimbia kwa dakika 13 na nusu, peku. Walimu walipiga hesabu: kilometa mbili kwa dakika 13 na nusu ni dakika karibu saba kwa kilometa moja, mwendo wa mtu anayetembea na kukimbia kwa zamu. Wakasema huyu anajitahidi lakini si mkimbiaji. Wakamwacha nje ya timu. Mama yake akaona heri, binti abaki akianika dagaa.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kupima. Hatukuwa na kifaa chochote cha maana, bali tulikuwa na baiskeli ya gurudumu kubwa, ile ya kubebea magunia. Mpwa wangu alitia alama ya chokaa kwenye tairi, tukalizungusha mara moja kwenye ardhi tambarare, tukapima kwa futi ya fundi: mita 2 na sentimeta 20. Tukafunga kitambaa chekundu kwenye spoku, yeye akasukuma baiskeli, mimi nikahesabu kila kitambaa kilipogusa chini. Kufika darajani na kurudi kilizunguka mara 1,450. Zidisha mwenyewe: mita 3,190. Maili mbili kamili ni mita 3,219. Baba hakukosea.

Usidhani hiyo ni hila ya kijijini. Barabara za mbio kubwa za dunia, za marathoni, hupimwa kwa baiskeli mpaka leo. Kifaa kidogo cha kuhesabia hufungwa kwenye gurudumu, na mpimaji huipitisha baiskeli yake kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa futi ya chuma, kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa kuwa jua likiwaka tairi linavimba na mzunguko wake unabadilika. Tena huongeza mita moja kwa kila kilometa ili barabara isije ikawa fupi.

Tukarudi kwenye dakika za yule binti. Kilometa 3.19 kwa dakika 13 na nusu ni dakika 4 na sekunde 14 kwa kilometa. Mtoto wa darasa la sita, peku, njia ya mchanga. Mpwa wangu alikaa kwenye shina la mwembe na kikokotoo cha simu mkononi, akapiga hesabu mara tatu. Kisha akasema, "Mjomba, tumemwambia mtoto wa watu kwamba hawezi, mwaka mzima."

Jioni tuliketi ufukweni na baba yangu mkubwa, aliyewahi kufanya kazi melini enzi za MV Songea. Alisikiliza habari zote za maili na kilometa kwa makini, kisha akatuuliza, "Hiyo maili yenu ni ya majini au ya nchi kavu?" Tulipomtazama akatucheka. Ya majini, akasema, ni ndefu zaidi. Na kweli, maili ya baharini ni mita 1,852, na ndiyo meli zote hutumia. Meli inayokwenda noti kumi inakwenda kilometa 18 na nusu kwa saa. Mzee yule hakufika darasa la nane, na katika watu watatu tuliokuwa pale ni yeye peke yake aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali hilo kabla ya kuondoka bandarini.

Usiku ule tuliwapitia wakimbiaji wetu wakubwa mmoja mmoja, kwa kalamu na karatasi. Nakuomba nawe ufuate.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51, ikawa rekodi ya dunia tena. Mtoto asiyeambiwa vipimo atasema Bayi alirudi nyuma sekunde karibu 19 katika mwaka mmoja. Lakini maili inaizidi mita 1,500 kwa mita 109, na kwa miguu ya Bayi mita hizo ni kama sekunde 15 na nusu. Mbio zote mbili alikwenda kiasi cha kilometa 25 kwa saa. Mashine nyingi za ukumbini zinaishia 20. Bayi wa siku zile angezimaliza.

Kilichotuacha midomo wazi ni hesabu ya marathoni. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195, au maili 26 na yadi 385, kipimo kilichotoka kwenye Olimpiki ya London ya 1908 na kukubaliwa rasmi 1921. Wamarekani walimhesabu Ikangaa kwa maili: kila maili dakika 4 na sekunde 53. Sasa mchukue John Stephen Akhwari, Mexico City, Oktoba 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza likiwa limeshaingia na watu wengi wameshaondoka, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Gawanya kwa kilometa 42.195. Utapata dakika 4 na sekunde 52.

Nne hamsini na mbili, nne hamsini na tatu. Ukizisoma bila kipimo, Akhwari mwenye goti lililoteguka alikuwa na kasi kuliko Ikangaa aliyetwaa ushindi wa New York. Ya mmoja ni ya kilometa, ya mwingine ni ya maili, na katikati yao kuna zaidi ya saa nzima. Mpwa wangu alisema ataiandika hesabu hiyo ubaoni siku ya kwanza ya muhula na kuwaacha watoto wahangaike nayo. Mimi nilikuwa nafikiria goti la Akhwari. Yeye alianguka na akainuka kumaliza kilometa zaidi ya ishirini zilizobaki. Mimi nilianguka nikamgombeza aliyenipepea.

Sasa, msikilizaji wa mjini unayekwenda kwenye kumbi hizi, au uliyenunua mashine ya nyumbani iliyokwisha kutumika ughaibuni, niliporudi nilifanya uchunguzi wangu, na matokeo yake unaweza kuyatumia.

Kwanza tafuta zile herufi ndogo. Kama zimefutika kwa jasho la watu, pandisha kasi hadi mwisho ukiwa umesimama pembeni, miguu nje ya mkanda. Mashine inayoishia 10 au 12 huenda ni ya maili. Inayoishia 16, 18 au 20 huenda ni ya kilometa. Nasema huenda, kwa kuwa nyingi zina sehemu ya kubadilishia kipimo, na mtu aliyeitumia jana anaweza kuwa ameigeuza asikuage.

Ukitaka uhakika, fanya kama tulivyofanya kwa tairi la baiskeli. Mashine ikiwa imezimwa, tia alama ya chaki kwenye mkanda, pima mzunguko wake wote kwa futi ya fundi cherehani. Ile iliyoniangusha ilikuwa na mkanda wa mita tatu kamili. Iwashe, iweke sita, hesabu mizunguko ishirini, ambayo ni mita 60, ukiwa na saa mkononi. Ikiwa ni kilometa, mizunguko hiyo itachukua sekunde 36. Ikiwa ni maili, sekunde 22 tu na ushei. Yangu ilichukua 22. Mhudumu alisimama nyuma yangu akitazama chaki inavyopita, na nilihisi siku hiyo alianza kuniheshimu. Rudia kipimo hicho mtu akiwa juu yake, kwa kuwa mkanda uliolegea huteleza chini ya uzito, na namba ya kioo haitakuambia.

Hesabu ya kichwani ni rahisi. Chukua maili, ongeza nusu yake, kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Sita, na tatu, na nukta sita: tisa nukta sita. Kurudi nyuma, kumbuka kwamba kilometa nane ni maili tano.

Halafu wapo wanaofuata ratiba za mazoezi kutoka vitabu vya nje, na hapo kuna mtego wa pili. Ratiba nyingi hazisemi kasi, zinasema dakika. "Kimbia kwa dakika kumi" maana yake dakika kumi kwa kila maili, au kwa kila kilometa? Dakika kumi kwa kilometa ni kutembea kwa haraka. Dakika kumi kwa maili ni kukimbia, kilometa moja kwa dakika 6 na sekunde 13. Kuzigeuza dakika ziwe kasi, gawanya 60 kwa dakika hizo: dakika tano kwa kilometa ni kasi ya 12, dakika sita ni 10, dakika saba na nusu ni 8. Nimeziandika kwenye jalada la kitabu changu cha kazi, chini ya ile "Mashine, 6."

Juu ya mwinuko nitasema machache. Mashine ikiandika 5 kwenye mwinuko, ina maana unapanda mita tano kwa kila mita mia. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1996 uliona kwamba mwinuko wa moja kwa mia huifanya kazi ya mashine ifanane na ya kukimbia nje, ambako kuna upepo wa kukatiza. Hiyo ni kwa wanaokimbia kwa kasi. Kwa mwendo wangu mimi, upepo hauna habari nami. Na unaposhikilia vyuma vya pembeni, mashine inaendelea kukuhesabia kilometa ambazo mikono yako imezibeba.

Kwa wenzangu wa presha, daktari wangu amenipa kipimo kingine kisichohitaji umeme. Katika kutembea kwa haraka unapaswa uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza, hata kama kioo kinaonyesha moja. Mimi mtu wa redio nimekipenda mno kipimo hiki. Ninapotembea huwa nasoma taarifa ya habari ya jana kwa sauti ya chini, na waliokaribu nami wamezoea.

Daktari naye sasa anaandika "km kwa saa" kwenye kadi za wagonjwa wake. Hakuniambia kwamba ni kwa ajili yangu. Niliiona kwenye kadi ya mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Na ukumbini tulibandika karatasi juu ya ile mashine: HII NI MAILI. Imebanduka mara mbili, nimeibandika mara mbili.

Wiki iliyopita, nikiwa najiandaa kuingia studio, simu ikaita. Alikuwa mpwa wangu, yuko uwanjani, nyuma yake makelele ya watoto na filimbi.

"Mjomba, binti yetu amekimbia dakika tano na sekunde arobaini!"

"Umbali gani?"

"Mita elfu moja na mia tano. Mzunguko nimeupima mwenyewe kwa futi, mara mbili, na baba mkubwa alikuwa ameshika ncha ya pili."

Nikasikia sauti ya mzee kwa mbali ikiuliza kama anayeongea ni yule aliyeanguka.